Boga Salimu na Vidonge vya Askari

Wasikilizaji wapendwa, salamu kwenu mlioketi barazani na mlioko jikoni. Leo tunamkumbuka Boga Salimu wa Msambweni, mpiga chapuo, ile ngoma ndogo, katika uchezaji wa sengenya. Boga amefariki. Alifariki mwezi uliopita, siku ya arusi moja huko Diani alikoalikwa kupiga ngoma. Mengi yamesemwa juu ya kifo hiki, na mimi, niwaambieni kweli, si yote niliyoyaamini. Hata sasa yapo nisiyoyaamini.

Tuanze na mtu mwenyewe. Boga alikuwa mrefu, mcheshi, mwenye kutumia mkono wa kushoto. Kazi yake ilikuwa kufua nazi. Mapenzi yake yalikuwa ngoma. Mamake, Bi Mwanapili, alinieleza hivi: "Huyu mwanangu alianza na sufuria zangu. Tazama, zote zina mabonde." Akacheka, kisha akajifunika uso kwa leso.

Mshindani wake alikuwa Alfani wa Waa. Mnawajua wawili hawa. Kwenye nyimbo walitukanana mpaka kwenye mababu. Na siku ya ngoma, mtu wa Msambweni hakumwazima mtu wa Waa hata kibiriti. Mashindano yao yalikuwa na sheria moja tu: ngoma itakayonyamaza kwanza imeshindwa. Mpigaji haondoki. Hanywi maji. Hasogei kivulini. Na jua letu la kaskazi mnalijua lilivyo.

Siku ile ya arusi walianza baada ya sala ya adhuhuri. Alasiri ikapita, ngoma zinalia. Mwishowe chapuo la Alfani likanyamaza. Boga ameshinda! Watu wakambeba juu juu, na hapo ndipo furaha ilipokatika. Waliombeba wanasema mwili wake ulikuwa wa moto kama sufuria iliyoepuliwa mekoni. Macho yamemtoka. Anasaga meno. Ngozi imekauka, hana jasho. Anaita watu waliokwisha kufa.

Walipomfikisha nyumbani, wakasema ni homa. Wengine wakasema ni jini la ngoma. Wakafunga mlango. Wakamfunika mablanketi, wakamwekea chungu cha majani yanayochemka ili avute mvuke, kama tunavyofanya sote. "Alikuwa akitetemeka," Bi Mwanapili aliniambia. "Mtu anayetetemeka, humfuniki?"

Boga hakuinuka tena.

Basi maneno yakaanza. Kabla ya ngoma, Boga na Alfani walionekana nyuma ya jiko la arusi, wakinywa kahawa ya dele moja, yaani birika moja. Alfani naye aliugua siku ileile, lakini Alfani akapona. Kahawa moja, mmoja amekufa, mmoja yu hai. Kwa nini? Mzee Mbwana, mjomba wa Boga, hakutaka kusikia lolote. "Alfani ale kiraho," alisema. Yaani apewe papai la kiapo, na midomo ikivimba, yeye ndiye muuaji. Siku ikapangwa. Na sitawaficha: mimi pia nilimshuku Alfani.

Nikaenda Waa. Nilimkuta amelala mkekani, amekonda.

"Alfani, ulimtilia nini mwenzako?"

"Sikumtilia kitu, bibi. Yeye ndiye aliyenipa mimi."

"Alikupa nini?"

"Vidonge. Vidogo, vyeupe. Alivinunua Lunga Lunga kwa dereva wa lori. Akaambiwa ni vya askari wa vita, vya kuondoa usingizi na uchovu. Mimi nilimeza kimoja. Yeye akaongeza, akaongeza."

Wasikilizaji, nilimtazama nikaguna. Nani humpa mshindani wake dawa ya nguvu? Nikaona ananitania.

Mkewe, Mwanarusi, akaingilia. "Alianguka tulipokuwa tukirudi, mwenzangu. Amekauka, anaropokwa. Nikamvua shati. Nikamlaza kivulini, nikaomba maji kwenye kisima cha watu, nikammwagia ndoo baada ya ndoo, huku nampepea kwa kanga. Wakanipigia kelele, eti nitamuua kwa baridi. Nikasema, bwana anaungua, nimfunike vipi?" Kisha wakampeleka hospitali.

Huko hospitali nilizungumza na Kaingu, dresa, yaani muuguzi, aliyempokea. Walimfunga mashuka yaliyoloweshwa, wakampepea, wakampa dawa ya kumtuliza. Kaingu alinieleza taratibu, nami nawaeleza taratibu. Vidonge hivi huwasha mwili kutoka ndani. Moyo hukimbia. Mtu hasikii uchovu, hasikii kiu, anaendelea tu. Akiwa juani bila maji, joto hupanda hadi likamuua. Dawa ya kwanza ni kumpoza: kivuli, maji mwilini, upepo, na hospitali upesi. Si blanketi. Narudia, si blanketi, wala si mvuke.

Nilishukuru, lakini sikuridhika. Sasa nilijua kilichomuua Boga. Sikujua aliyekileta. Alfani angeweza kuwa ndiye mwenye vidonge, kisha akamsingizia maiti asiyejibu.

Nikarudi Msambweni kwa mjane wa Boga, Biasha. Yumo edani, lakini mimi ni mwanamke, nikaruhusiwa kuingia. Nikamwuliza habari za vidonge. Akainama, akakunja pindo la kanga, akalikunjua. Nikajua anajua.

"Nikisema, dada, watasema mume wangu alikuwa mlevi."

"Usiposema, Alfani atalishwa papai, na mimi sijui litamfanya nini."

Machozi yakamtoka. "Vidonge vilikuwa vya Boga. Nilimwona akivihesabu, akatenga vya Alfani. Nikamwuliza, mbona unamgawia adui yako? Akanijibu, 'Nikimshinda mtu aliyechoka, nitakuwa nimemshinda nani?'"

Hapo nami nikalia. Huyo ndiye Boga niliyekuja kuwasimulia.

Kiraho kikafutwa. Mzee Mbwana alikwenda Waa mwenyewe kuomba radhi. Yule dereva hajaonekana. Labda ananisikiliza sasa hivi. Kama unanisikia, bwana, mimi bado nakuulizia, kila lori linaposimama.

Juzi Alfani alifika kutoa mkono wa pole. Bi Mwanapili hakumlaumu. Alimwuliza jambo moja tu. "Mkeo alikumwagia maji?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nina kisima uani," akasema, akaingia ndani.

Sasa nasikia minong'ono mipya. Eti mama ndiye aliyemmaliza mwanawe kwa mablanketi. Nawaomba ninyi mnaonong'ona: nani kati yenu hakufunikwa na mamake alipotetemeka? Bi Mwanapili, hukumuua mwanao. Nalisema redioni ili wasikie wote, kuanzia Likoni mpaka Shimoni.

Kwako mama, kwako Biasha, na kwa ukoo wote wa Salimu, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu Boga, ailaze roho yake pema.

Nasi tuliobaki tujitazame. Sote tulikimbilia kutafuta mchawi na mtia sumu, mimi nikiwa wa mbele. Kesho kijana wa mtu mwingine atawaka vivyo hivyo, mbele ya macho yenu. Mvueni nguo. Mmwagieni maji, mpepeeni, mumpeleke hospitali. Wa kumshuku mtamtafuta baadaye.