Mama Kutu na Betri ya Chumvi

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Leo tunamkumbuka fundi wa maabara aliyetutoka Jumanne iliyopita, akiwa na miaka sitini na mmoja. Wenzake walimwita Mama Kutu. Hakukasirika. Kutu ndiyo ilikuwa kazi yake.

Alitengeneza betri za sodiamu, ile ile iliyomo kwenye chumvi ya mezani. Upande hasi wa betri aliujenga kwa oksidi ya chuma, yaani kutu, iliyosagwa hadi chembe za nano, ndogo kuliko vumbi. Shida ilikuwa moja. Sodiamu ikiingia, chembe huvimba; ikitoka, husinyaa. Mwishowe hupasuka. Betri zake zilikufa baada ya kuchajiwa mara arobaini tu. Mkuu wa maabara akampa hadi Ijumaa: "Mara mia tatu, au naifunga hiyo meza."

Ijumaa ikafika. Betri moja ikagonga mia tatu na kumi! Wenzake wakapiga makofi, simu zikatolewa kwa picha. Mama Kutu akafungua daftari lake, akaguna.

"Wekeni simu chini. Nimechanganya vichupa vya kutu. Poda iliyomo humu siijui."

Jioni bintiye akamwuliza, "Mama, si ungenyamaza tu?"

"Ninyamaze, halafu betri ya pili nani aitengeneze? Wewe?"

Mkuu alinuna, lakini akampa wiki tatu. Mama Kutu akarudia poda zake zote, moja baada ya nyingine. Ya kumi na moja ndiyo hiyo. Aliipika na sukari ya kopo la chai, nyingi kuliko kawaida, siku ile sukari ya maabara ilipoisha. Ndani ya tanuri lisilo na hewa, sukari iligeuka ganda jembamba la kaboni, likazishika chembe zisipasuke.

"Kumbe ndiyo maana tulikunywa chai chungu wiki nzima!" akalalamika katibu wa maabara.

"Shukuru, dada. Nimekuokolea meno."

Betri ya pili ikafika mia tatu. Ya tatu pia. Meza haikufungwa; leo watafiti sita wanafanya kazi hapo.

Poleni sana mumewe, bintiye na wajukuu wawili. Mmepoteza mtu mkweli, mwenye kelele na mwenye kicheko.

Na wewe unayenisikiliza ukiwa kazini: lipo kosa unalolijua peke yako. Kaliseme kabla ya chakula cha mchana.