Dada Yenu, Mdogo Wangu

Ndugu waombolezaji, walimu, na ninyi vijana mliojaa hadi barabarani, mimi ni dada wa marehemu, tumbo moja, ziwa moja, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, ingawa tangu juzi kila anayeingia kwetu anadai kumjua kuliko mimi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1999, mtoto wa pili na kitinda mimba wa mama mshonaji na baba dereva wa lori, na kwa kuwa mama alishinda kwenye cherehani, mgongo uliombeba ni huu wangu. Alisoma shule ya msingi kuanzia 2006 hadi 2012, kisha sekondari hadi 2018, tukimwita Kengele, kwa sababu penye uonevu hakunyamaza, hata aliyeonewa akiwa kuku.

Mwaka 2019 alijiunga na chuo kikuu kusomea uhandisi wa maji, na hapo ndipo mliponinyang'anya. Mwaka wa tatu alichaguliwa rais wa serikali ya wanafunzi, likizo akawa haji, na akipiga simu ni wenzangu hivi, wenzangu vile, nami nasikiliza roho ikiniuma.

Mei 2022, wanafunzi waliokimbia vita kwao waliamka wakakuta milango ya vyumba vyao bwenini imeandikwa kwa rangi nyekundu, "Rudini kwenu." Wenzao wakataka kuandamana kwa amani, baraza la serikali ya wanafunzi likagawanyika, wengine wakihofia kufukuzwa chuo, na kura zilipofungana, yeye aliyeongoza kikao akauliza, "Sisi ni serikali ya nani, kama si ya hawa pia?" akapiga kura ya ndiyo. Serikali yake ikatoa vipaza sauti, maji ya kunywa na vijana wa kulinda msafara, naye akatangulia mbele. Karibu na jengo la utawala waliotaka wageni wale wafukuzwe wakarusha mawe, moja likampasua kipaji cha uso, waandamanaji wakataka kulipiza, akawaambia, "Anayenipenda akae chini," na umati mzima ukakaa. Nilimwona kwenye simu ya jirani, binti nisiyemjua akimfuta damu, na nikamwonea wivu binti yule, maana kazi hiyo ilikuwa yangu. Mkuu wa chuo akashuka, akaahidi ulinzi na akautimiza, walioandika wakaadhibiwa, na wanafunzi wakaipaka milango rangi upya.

Alihitimu 2023, akaajiriwa idara ya maji. Hakuolewa wala hakujaliwa mtoto, ingawa hapa naona wengi wanaolia kama yatima.

Februari 2025 aligundulika ana saratani ya damu. Nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono nitolewe damu, daktari akaniambia kwa upole, "Dada, kundi lako halimfai," na iliyomfaa ikawa ya kijana mmoja ambaye mlango wake uliandikwa, nikakaa nikiitazama ikishuka, nikiiombea imponye, huku nikiionea kijicho. Alifariki tarehe 9 Juni, mkono mmoja nimeushika mimi, wa pili kaushika kijana yule.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wafanyakazi wenzake, na ninyi mnaomwita dada yetu, kwa damu yenu, na kwa kumpenda kiasi cha kuniudhi. Jeneza libebeni ninyi, mna haki nalo, ila udongo wa kwanza niachieni mimi.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu.