Yai la Bluu la Alphonse Kalaba

Marehemu Alphonse Kalaba alizaliwa Mokambo tarehe 3 Juni 1914. Alifika Élisabethville akiwa na miaka tisa, akasoma shule ya misioni hadi darasa la tano. Mwalimu wake wa hesabu, Padri Adalbert, alifundisha kwamba mzunguko wa maji usiobadili umbo lazima uwe duara. Alphonse hakukubali, ila hakuwa na ushahidi.

Mwaka 1931 aliajiriwa kufua nguo za mapadri, na ushahidi akaupata kazini! Alitia bluu ya kufulia katika beseni pana lenye maji machache, akakoroga kwa kijiti. Doa la bluu likawa kama yai, likageuka na kugeuka, umbo lake lile lile.

Tarehe 8 Agosti 1936 alimwoa Edith Mwansa, mshonaji wa Kamalondo. Kabla ya kwenda kanisani alimwita aone yai. Edith akamwuliza, "Alphonse, unaoa miye ao beseni?"

Jumamosi Kuu, tarehe 16 Aprili 1938, aliinamia yai hadi akasahau kanzu nyeupe za Pasaka ndani ya bluu. Padri Adalbert akaja mbio.

"Kanzu zangu! Alphonse, kazi yako imekwisha!"

"Mon père, unifukuze, lakini angalia kwanza."

Padri akainama. Yai likageuka mara moja, mbili, tatu.

"Haivunjike," akanong'ona. "Koroga tena!"

Pasaka ile padri alisoma misa kwa kanzu ya rangi ya mbingu, na Alphonse akabaki kazini.

Tangu hapo akatafuta jambo gumu zaidi: yai ambalo maji yake yanazunguka, lakini lenyewe limetulia, halielekei huku wala kule. Miaka kumi na tisa! Kila doa lililotulia lilikuwa duara.

Kifua kilimlaza Machi 1957. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 12 Novemba, binti yake Agnès alimkorogea beseni kando ya kitanda.

"Yai imetulia?"

"Hapana, papa. Iko inageuka."

"Na yenye kutulia?"

"Iko duara, kama siku zote."

Akacheka. "Basi iko sheria, mama. Utafute sababu yake." Kabla ya saa sita mchana alikuwa ameaga.

Ameacha mjane Edith na watoto watatu: Agnès ambaye ni mwalimu, na wadogo zake wawili, Jeannot na Bijou. Tukirudi kutoka makaburini tutanawa mikono mlangoni katika beseni lake. Agnès ameliwekea bluu, anaomba kila mmoja akoroge na kungoja kidogo. Atakayeona yai lililotulia amwite kwa sauti, hata katikati ya kilio.

Alphonse, pumzika. Tunaangalia sisi.