Nani Amvunjie Chungu Mwalimu Bian Delu

Ndugu wa ukoo wa Bian, wakwe, majirani wa Bianjiatun na wa vijiji vya kando ya Mfereji, wanafunzi wa marehemu mliotoka mjini na mliotoka mbali zaidi, tunamwomba mpiga zumari apumzike kidogo, na walioko kwenye banda la mapishi wapunguze kelele za masufuria, ili isomwe historia ya mpendwa wetu, Mwalimu Bian Delu, ambaye jeneza lake liko ndani ya chumba hiki cha mbele na lilipaswa kunyanyuliwa saa tatu, na sasa ni saa nne kasorobo. Sababu ya kuchelewa mnaijua. Chungu cha majivu kiko pale uani juu ya tofali, jeneza halinyanyuki kabla hakijavunjwa, anayekivunja ndiye mrithi wa marehemu mbele ya watu wote, na mpaka sasa hatujakubaliana ni nani. Jinku, mtoto wa kaka yake marehemu, tunakuomba uondoe mkono wako pale mpaka tumalize kusoma.

Historia hii imeandikwa na inasomwa na Luo Yucai, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, shemeji wa marehemu kwa upande wa mkewe, kwa hiyo mjomba wa binti yake, na palipo na kosa lawama ni zake peke yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Februari 1941 hapa hapa Bianjiatun, jimbo la Hebei, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa Mzee Bian Wanfu, mrithi wa kizazi cha tano wa ngumi ya Ukuta Mfupi, ngumi ambayo hupiganwa karibu, kiwiko kwa kifua, na ambayo ina mafungu manane ya mbinu, saba ya kuwafundisha wanafunzi na la nane la kufichwa, kwa kuwa wazee walisema mwalimu anayetoa yote hubaki mikono mitupu siku mwanafunzi atakapomgeukia. Alianza kufundishwa na baba yake akiwa na miaka sita, akasimama kwa magoti yaliyokunjwa chini ya mikunazi ile iliyo nyuma ya nyumba mpaka akalia, na alipomaliza kulia aliambiwa aendelee.

Alisoma shule ya msingi ya kijiji kuanzia Septemba 1949 hadi Juni 1953, akaishia darasa la nne, na ripoti yake ya mwisho, ambayo mama yake aliitunza kwenye sanduku la nguo, ilisema kwa ufupi kwamba mtoto huyu akili anazo, makalio hana. Ni kweli hakuwa nayo. Alikula akitembea, alizungumza akitembea, na hata siku ya kumposa dada yake msomaji wa historia hii alizunguka ua wa wakwe mara tisa huku wazee wamekaa na chai inapoa. Msomaji alikuwa mtoto siku ile, na alizihesabu.

Mwaka 1958 alipelekwa pamoja na vijana wenzake kuchimba mifereji, mwaka 1960 baba yake alifariki katika njaa ya miaka ile, baada ya kumkabidhi fungu la nane akiwa amelala, kwa kumshika mkono na kuusukuma mahali panapotakiwa, maana nguvu za kusimama hazikuwepo tena, na tarehe 1 Machi 1961 marehemu aliajiriwa kubeba magunia kwenye kinu cha unga cha kijiji, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na mitano bila kuumia mgongo hata siku moja.

Tarehe 3 Januari 1963 alifunga ndoa na Luo Yuzhen, ambaye alimtangulia tarehe 27 Mei 1998, na Mungu wa mbinguni aliwajalia mtoto mmoja tu aliyeishi, binti yao Suqin, aliyezaliwa tarehe 22 Septemba 1964. Wengine watatu hawakufikisha mwezi. Tunalisema hili kwa sababu wapo waliosema marehemu hakutaka watoto wengi, na hawakumwona akichimba yale makaburi madogo.

Mnamo Agosti 1966 vijana wa mapinduzi wenye vitambaa vyekundu mikononi waliingia katika ua huu, wakachukua mikuki minne na panga la babu, wakavichoma, na marehemu akaambiwa kwamba akionekana tena anarusha ngumi atazungushwa kijijini na kofia ya karatasi ya kumwaibisha kichwani. Miaka mitano hakurusha, akakonda, akawa mtu wa kufungua na kufunga mlango bila sababu, hadi mwaka 1971 alipopata njia: saa za mchana watu wanapolala, aliacha kinu kizunguke bure ili kelele zimfunike, akafanya mafungu yote manane nyuma ya magunia. Lakini ngumi ya Ukuta Mfupi haifanywi na hewa, inataka mwili wa kusukumana nao, na mwili aliokuwa nao karibu ulikuwa wa binti yake wa miaka saba, aliyemletea chakula.

"Simama hapo, usianguke," alimwambia.

"Nikianguka?"

"Utasimama tena."

Alianguka na kusimama kwa miaka minane. Msomaji wa historia hii aliwaona mara moja, kiangazi cha 1974, kupitia ufa wa mlango wa kinu, mtoto mweupe kwa unga kuanzia nywele hadi viatu, anamrudisha baba yake nyuma hatua mbili, na baba anacheka kama mtu aliyepata barua. Kama alikuwa anafundisha, mwenyewe hakujua. Aliona anapitisha muda na nguzo inayotembea, na nguzo haifichwi siri, kwa hiyo hata fungu la nane hakumficha.

Nyakati zilibadilika, na tarehe 8 Aprili 1979 marehemu alifungua ua wake mchana kweupe, akapokea wanafunzi kumi na mmoja kwa chai na kusujudu, wa kwanza wao akiwa Hao Changgui, fundi matofali, wakati huo kijana wa miaka ishirini na mitano, ambaye mnamfahamu leo kwa ukumbi wake wa mjini wenye wanafunzi mia mbili na kibao cha dhahabu mlangoni. Asubuhi ile Suqin, mwenye miaka kumi na minne, alitoka na yeye akasimama mwisho wa mstari, amevaa viatu vipya alivyovishona mwenyewe. Wazee wa ukoo walikuwa wameshamwonya marehemu tangu juzi yake: ukimfundisha binti umewapelekea wakwe siri ya ukoo. Basi akamwambia mbele ya watu wote, "Wewe nenda ndani ukamsaidie mama yako."

Hao Changgui aliongeza la kwake. "Dada, unga umeshakandwa?" akasema, na watu wakacheka.

Suqin aliingia ndani. Tangu siku ile hadi alipoolewa tarehe 5 Oktoba 1987 na Gu Liansheng, dereva wa trekta wa kijiji cha pili, hakukanyaga tena ua huu wanafunzi wakiwemo, akienda kisimani alizunguka nyuma ya choo, njia ya tope, na ndoo mbili begani, miaka minane na nusu, na baba yake alimwona kila siku akizunguka. Marehemu hakuogopa mtu mwenye fimbo wala mtu mwenye kisu, wapo hapa waliowahi kushuhudia, lakini aliogopa maneno ya wazee watano wanaokunywa chai, na tunalisema mbele ya jeneza lake kwa sababu tulimpenda. Wala hakuwa mwoga peke yake. Luo Yucai alikuwa amekaa mezani siku ile na brashi ya wino, aliandika majina kumi na moja katika daftari jekundu la shule ya ngumi, alijua lipo la kumi na mbili ambalo lilistahili kuwa la kwanza, na hakufungua kinywa. Kwa miaka arobaini amejiambia kwamba hakuulizwa.

Tarehe 19 Machi 2014 marehemu alianguka mlangoni kwa kiharusi, upande wa kulia ukafa na ulimi ukafa, na mtu ambaye hakuwahi kukaa akalala kitandani miaka mitano na miezi minane. Suqin alirudi kumuuguza, na mumewe Liansheng amekula chakula baridi muda wote huo bila kulalamika, au akilalamika alilalamika kwenye trekta.

Mwaka Mpya wa 2015 wanafunzi wa kwanza waliobaki hai, saba, walikuja na sukari na pombe, wakapiga magoti kando ya kitanda, na Hao Changgui akasema lililowaleta. "Mwalimu, tumezeeka na sisi. Fungu la nane tutalipata kwa nani?"

Marehemu aliinua mkono wa kushoto, akaonyesha jikoni, alikosimama Suqin anakoroga uji wa mtama.

"Mwalimu ana njaa," akasema Hao.

Akalishwa bakuli moja. Akageuza uso, akaonyesha tena kule kule, na wakaongeza sukari, wakamlisha la pili. Akaonyesha tena. Siku ile alilishwa mabakuli manne na watu saba wenye akili timamu, wa nane akiwa shemeji yake aliyeshika kijiko, mpaka machozi yakamtoka, na Hao akasema, "Mnaona, amefurahi." Suqin aliosha mabakuli. Yeye alikuwa ameelewa tangu kidole kilipoinuka mara ya kwanza, lakini hakutaka kujitaja mwenyewe.

Julai 2018 Hao Changgui alikuja na tikiti maji, akakuta Suqin anamgeuza baba yake, mzee wa kilo themanini na tatu, kwa mkono mmoja, mkono wa pili ameshika beseni, na maji hayakumwagika. Akaweka tikiti chini.

"Dada, hiyo umeitoa wapi?"

"Ipi? Hapa namgeuza mgonjwa."

"Basi hebu nigeuze na mimi."

"Wewe si mgonjwa."

"Nisukume tu."

Alimsukuma, bila kuweka beseni chini, na bingwa wa ukumbi wa mjini akakaa kwenye ndoo ya makaa. Alikaa humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipoinuka alijifuta, akamwinamia mwalimu wake, akaenda zake, na kwa mwaka mmoja na miezi minne hakumwambia mtu yeyote, kwa sababu kibao cha dhahabu mlangoni kwake kinasema yeye ndiye mwanafunzi wa kwanza.

Hali ya marehemu ilibadilika tarehe 9 Novemba 2019, akapelekwa hospitali na kurudishwa nyumbani kwa ombi la familia, na tarehe 11 Novemba 2019, saa moja asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na minane, alikata roho mikononi mwa binti yake, mkono wa kushoto ukiwa umeinuka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliofanya waliloweza, majirani waliobeba maji na kuni, wafanyakazi wenzake wa kinu waliobaki, na wapishi, ambao mikate yao ya mvuke sasa imepoa kwa ajili ya ubishi wetu.

Na ubishi wenyewe ni huu. Jinku anasema chungu ni cha mtoto wa kaka pasipo na mtoto wa kiume, na kwamba binti aliyeolewa ni maji yaliyomwagika, hayazoleki. Desturi iko upande wake, nyumba hii ataipata, hakuna anayemnyang'anya. Wanafunzi wa mjini wanasema chungu ni cha Hao Changgui. Na Suqin, alipoulizwa jana mchana na mjomba wake, alijibu, "Mpeni Jinku. Baba alinitoa uani mbele ya watu kumi na mmoja. Angeniita mbele ya hao hao ningekuja, lakini hataniita tena."

Jana hiyo hiyo jioni Hao Changgui alifika nyumbani kwa msomaji, akasimulia kwa kinywa chake habari ya ndoo ya makaa, akataka iandikwe na isomwe, akaleta na kibao chake cha dhahabu kimefungwa kwenye gunia. Wenye ngumi mnajua kwamba shuleni ukubwa hauhesabiwi kwa mvi, unahesabiwa kwa siku ya kuanza. Huyu alianza mwaka 1979. Yule alianza mwaka 1971.

Karatasi imeishia hapa, na yanayofuata hayakuandikwa. Wale saba wamevua kofia, wamepiga magoti uani wakielekea mlango wa chumba hiki, na Hao Changgui, mwenye miaka sitini na mitano, anasema kwa sauti mnayoisikia wote, "Dada mkubwa, sisi wadogo zako tunakuomba uje uani."

Amesema mara moja, na Suqin amekaa vile vile kando ya jeneza. Amesema mara ya pili.

Jinku, mpishe njia. Wabebaji, shikeni miti. Suqin anapita katikati ya ua, hana haraka, na chungu ameshakiinua juu ya kichwa. Pumzika kwa amani, shemeji, uliyemtoa ameingia.