Kofia ya Ifor Bowen

Wapendwa wafiwa, majirani na ndugu wa kanisa, kwa kuwa desturi yetu huwaacha wanawake nyumbani wakati wanaume tunapokwenda kaburini, familia imeniomba niisome historia hii hapa sebuleni, kabla jeneza halijainuliwa, ili wote wasikie, mama yangu Morfudd akiwemo.

Marehemu Ifor Bowen alizaliwa tarehe 4 Machi 1884 hapa Pentre Helyg, Wales, mtoto wa pili na wa mwisho wa mchimba makaa Rhys Bowen, akasoma shule ya kanisa hadi mwaka 1897, kisha akamfuata shimoni kaka yake Idris, ambaye ndiye baba yangu, nao walikuwa chanda na pete, hata raga walijifunza pamoja, kwenye uwanja wetu wa mteremko ambako mpira ukiponyoka huokotwa mtoni.

Mwaka 1909 Ifor aliteuliwa kuichezea Wales, na anayeichezea nchi hupewa kofia ya mahameli yenye kishada, lakini mechi iliangukia zamu yake ya shimoni, basi Idris akaichukua zamu hiyo, akamtania pale mlangoni, "Nenda, bwana mdogo, ila ukirudi bila kofia usikanyage kwangu!" Tarehe 13 Februari, mjini Cardiff, Ifor alifunga trai ya ushindi, akabebwa juu juu akicheka, na wakati huo paa la shimo lilikuwa limekwisha kumwangukia Idris. Habari alizikuta stesheni, kofia ikiwa kichwani. Hakucheza tena.

Alifunga ndoa na Bi. Annwen Prosser tarehe 8 Juni 1912, wakajaliwa binti mmoja, Tegwen, na sisi watoto wa Idris alitutunza kama wake, ila mama hakumsamehe, na kila tarehe 13 Februari alipobisha mlangoni kwetu, kofia mkononi, mama alimjibu kutoka ndani, "Aliyeitaka yuko chini, shemeji. Mpelekee huko." Naye aligeuka akaondoka, mwaka nenda mwaka rudi, wahuni wa mtaani wakimwita Ifor Kofia.

Vumbi la makaa lilianza kumla mapafu mwaka 1931, na Februari iliyopita alishindwa kukipanda kilima cha kwetu, akabaki kitandani akiuliza kama mama amemuulizia, nasi tukainamisha macho, hadi alipofariki Jumatatu, tarehe 9 Novemba 1936, hapa nyumbani.

Leo asubuhi mama alikuja, akaiangua kofia ukutani, akaiweka juu ya jeneza kama mnavyoiona, akasema, "Haya, ingia, shemeji." Nami nasema wazi, wapendwa, sikupata faraja, nilitoka nje nikalia.

Tunamshukuru daktari aliyekuja hata siku za theluji, majirani mliotuletea makaa na supu, pamoja na wachimbaji wenzake mlioacha kazi leo.

Baba mdogo, pumzika kwa amani, mlango umefunguliwa, wa kuingia ndiye hayupo.