Wiliam Makoye na Uwanja Uliofyekwa na Ng'ombe

Ndugu waombolezaji, viongozi wa dini na wa kijiji, nanyi wachezaji mliotoka Geita na Mwanza na kofia zenu, mimi ni Vumilia Makoye, mdogo wake marehemu, nimepewa kazi hii kwa sababu wenzangu wanalia haraka, nami nitaifanya kwa furaha, maana kaka yangu aliishi vizuri na alicheka sana.

Marehemu Wiliam Makoye alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 hapa Mhunze, mtoto wa tatu wa mzee Makoye Bujiku na mama yetu Juliana, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia 1966 hadi 1972, akaendelea na sekondari mjini Shinyanga, na mwaka 1980 akahitimu upimaji ardhi Dar es Salaam, akaajiriwa serikalini, kisha mwaka 2001 akahamia mgodini Geita, ambako wenzake wa kigeni walimwambukiza gofu, na huo ugonjwa hakupona. Tarehe 20 Desemba 1986 alifunga ndoa na wifi yangu Zipora, wakajaliwa watoto wawili, Nelly na Onesmo.

Juni 2017 alisafiri na wenzake kwenda Uskoti kucheza kwenye viwanja vya kale vya ufukweni, akarudi na picha tele za nyasi na moja tu ya sura yake, akatueleza jioni nzima kwamba kule hawasawazishi ardhi wala hawapandi miti, mabonde na vilima wanaviacha kama Mungu alivyoviweka, mpinzani wako ni upepo, na yale mashimo ya mchanga, kwa masimulizi ya wenyeji, yalianzishwa na kondoo waliojibanza kukwepa baridi. Wifi Zipora alizitazama zile picha, akamuuliza kwa upole kama kweli amepanda ndege kwenda kuangalia mbuga ya hapa kwetu Kishapu. Sisi tulicheka, yeye alikuwa ameshaanza kupima.

Alipostaafu, Machi 2018, aliichukua ngitili ya baba, lile eneo la majani tunalolifunga masika na kulifungua kiangazi kwa mifugo yetu na ya majirani, akalizungushia waya, akapanda nyasi laini za kununua. Sitampamba marehemu, alikosea. Nyasi zake zilikauka, za kwetu zikafika kiunoni, mipira ikapotelea humo, na kiangazi kilipokaza majirani wakasimama nje ya waya na ng'ombe waliokonda, wazee wakisema wazi kwamba Wiliam amewageuka wenzake.

Jirani yetu Mbuke, aliyeziona zile picha sebuleni, alimwambia kwamba kama kondoo wa Wazungu ndio waliotengeneza uwanja anaousifia, basi awaachie na ng'ombe wa hapa kijijini wafanye kazi. Kaka aliingia ndani, akatoka na koleo, akaukata waya kwa mikono yake. Ng'ombe walipokwisha kula alizunguka nyuma yao, akaona wanapita wapi, wanalala wapi, mafahali wanachimbua vumbi wapi, na huko ndiko alikopanga uwanja wake wa mashimo tisa, bila kuhamisha toroli moja la udongo. Tangu hapo gofu ya Mhunze huanza ngitili inapofunguliwa, ng'ombe hupita kwanza, na mpira ukitua kwenye kinyesi unaruhusiwa kuuokota, ila kuufuta ni juu yako. Sikuwahi kumwona kaka na furaha kama ile.

Februari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya tezi dume, akatibiwa Mwanza, na alipoona nguvu zinaisha aliwasihi watoto wasirudishe uzio, kwa sababu mfanyabiashara mmoja wa Katoro alikuwa amemshawishi Onesmo wajenge hoteli pale, na nguzo mpya zilikuwa zimerundikwa nyuma ya nyumba. Onesmo hakumjibu baba yake, na hilo lilimuuma mgonjwa kuliko ugonjwa wenyewe, hadi alipofariki nyumbani Jumapili, tarehe 3 Agosti 2025.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mwanza, wafanyakazi wenzake wa Geita, na majirani, hasa Mbuke, aliyeleta maziwa kila asubuhi. Na jana mchana, kuni za msiba zilipoisha, Onesmo alichukua shoka bila kutumwa na mtu, akazipasua nguzo zote, ndizo zinazopika wali mtakaokula tukitoka makaburini. Kaka Wiliam, umejibiwa, pumzika kwa amani.