Dakika Mbili za Fundi Sirili

Wasikilizaji wapendwa, najua hii si saa ya kumbukumbu. Saa saba na nusu mchana ni saa yenu ya malalamiko. Leo mwenye lalamiko ni mimi, Hilda, na nina hasira, kwa hiyo mtanivumilia.

Fundi Sirili Tarimo amefariki. Narudia: Sirili Tarimo, fundi redio wa Shirimatunda, miaka sitini na mmoja. Tulimzika Jumamosi ya juzi kwao Mkuu, Rombo.

Alianza na redio ya mama yake, iliyonyamazishwa na mende. Akaja kwenye vipaza sauti vya kanisani, mwisho akawa mtu wa homu thieta, zile mashine za spika nyingi za sebuleni. Ukimwita kwako, alikuwa mkali kweli: "Tokeni wote nje. Zimeni friji. Mvua ikipiga bati, tunasubiri." Mkewe, mama Priska, anasema, "Siku moja alimtoa nje baba yangu mzazi na sahani ya kiburu mkononi!"

Kwa nini? Sikilizeni vizuri. Mashine hizi zinakuja na maikrofoni ndogo. Unaiweka pale mtu anapokaa, usawa wa masikio. Kila spika inatoa mlio, mashine inasikiliza, na kelele nyingine yoyote inaichanganya, kisha yenyewe inapanga ipi ipandishwe, ipi ishushwe. Ukiweka maikrofoni juu ya spika moja, mashine inadhani spika hiyo inapiga kelele mno. Inaishusha mpaka inakaribia kunyamaza. Basi, hakuna uchawi hapo.

Desemba, Ebenezeri wa Mwika, anayefanya kazi Dar, alipanda nyumbani kula Krismasi na homu thieta yake mpya. Fundi Sirili akaifunga, akaipima, ikaimba. Fundi alipoondoka, Ebenezeri akataka kuwatambia wageni. Akabonyeza ipime upya. Sebule imejaa watu, watoto wanapiga kelele, na maikrofoni kaibwaga juu ya spika ya nyuma! Spika ya nyuma ikafifia. Na yeye akasema nini? "Fundi kachomoa spika yangu halisi, kaweka feki."

Akatuandikia. Nani alisoma ujumbe ule hewani, kwa jina, bila hata kumpigia fundi simu? Mimi. Na kicheko nikaongeza. Nanyi mkapiga simu kumi na saba, mkamwita mwizi, hata ninyi mliokula na kunywa kwake.

Alikuja hapa studio kesho yake. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Nipe dakika mbili hewani. Nitaeleza maikrofoni inakaa wapi." Nikamwambia ratiba imejaa, aje wiki ijayo. Jamani, ratiba haikujaa. Nilipiga muziki.

Wateja wakakata mguu. Wiki tatu alikaa kibandani kwake bila redio hata moja mezani. Presha ikampanda, na Jumatano akafa akiitwa mwizi.

Baada ya mazishi, mama Priska alipanda Mwika na fundi mwingine, Theodora. Wakaifungua spika ya nyuma mbele ya Ebenezeri, ambaye likizo yake ilikuwa haijaisha. Ilikuwa ileile, na namba yake ilikuwa ileile iliyoandikwa kwenye boksi. Theodora akatoa watu nje, akaweka maikrofoni juu ya stuli, usawa wa masikio, akapima upya. Spika ikaongea.

Ebenezeri akasema, "Samahani mama, sikujua." Hukujua! Kijitabu cha maelekezo kilikuwa ndani ya boksi, hata nailoni yake hukuitoa! Lakini mdomo wa kumvua mtu mzima nguo hadharani ulikuwa nao. Na mimi nikakushikia kipaza sauti.

Nilimpelekea mama Priska rambirambi zetu. Akanirudisha nazo kutoka mlangoni. "Mwanangu, jina lake mlilichukua saa saba na nusu. Lirudisheni saa saba na nusu."

Mama, pole. Poleni watoto, poleni wa Mkuu na Shirimatunda. Sirili Tarimo hakuiba. Narudia: Sirili Tarimo hakuiba. Ninyi kumi na saba mliopiga siku ile, laini ziko wazi tangu nimeanza kusema, na hailii hata moja. Jiulizeni kwa nini. Mimi nimeshajiuliza.

Yale maelezo ya maikrofoni niliyowapa, niliyapima kwa saa ya hapa ukutani. Hayakufika dakika moja.